Jina Katika Daftari: Namna ya Kumtafuta Mtu Aliyekamatwa

Jamaa wa mtu aliyetiwa nguvuni aghlabu huanza safari yao bila ya kujua lolote: hawajui amepelekwa wapi, hawajui waliomchukua ni askari wa kituo gani, hawajui anatuhumiwa nini wala kama ameshtakiwa, na katika hali hiyo huanza kukimbia huku na huko wakiufuata uvumi, huyu akisema ameonekana katika gari lililoelekea mjini, yule akisema shemeji yake ana rafiki askari na atauliza, na mwingine akishauri waonane na bwana fulani ambaye inasemekana hujua kuyamaliza mambo, ilhali saa zinakwenda, na haki ambazo sheria imezipimia kwa saa zinakwenda pamoja nazo. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya jamaa hao. Serikali haina njia halali ya kumshika mtu bila ya kumwandika, na kila mkono unaompokea mtu huyo una kitabu chake. Basi anayemtafuta mtu wake na avifuate vitabu.

Mpango wa vitabu hivyo katika Kenya na Tanzania unafanana sana, kwa kuwa asili yake ni moja, yaani polisi wa enzi ya Mwingereza. Askari anapomfikisha mtu kituoni, habari yake huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho watu wa Kenya, kuanzia Lamu hadi Busia, hukiita OB, na jina lake huingizwa katika kitabu cha mahabusu kinachoonyesha waliomo katika selo. Upelelezi ukianza hufunguliwa jalada lenye namba yake. Ikiamuliwa kwamba ashtakiwe, huandikwa hati ya mashtaka, nayo hupelekwa mahakamani ambako karani wa masijala huipa namba ya kesi. Na hakimu akimnyima dhamana, au akimpa naye akashindwa kutimiza masharti yake, mtu huyo hutoka mahakamani na hati yenye sahihi ya hakimu inayomwamuru mkuu wa gereza ampokee, na huko gerezani huandikwa tena. Namba ya kitabu kimoja huwa ufunguo wa kitabu kinachofuata. Mwenye kuipata namba ya kwanza amepata nusu ya kazi, na asiyeipata atauliza habari za mtu wake kila mahali kana kwamba hajapata kuwako duniani.

Nimesimama mbele ya kaunta za vituo kadhaa, mjini na shamba, na sura yake ni moja: meza ndefu ya mbao iliyochakaa kwa viwiko vya watu, askari wa zamu nyuma yake, benchi ya wangojao, na juu ya meza ile kitabu kikubwa chenye jalada gumu kilichopigwa mistari kwa kalamu na rula. Humo huandikwa saa, namba, aina ya tukio, na maelezo mafupi ya yaliyotokea: ng'ombe kupotea, ugomvi wa ndoa, askari kutoka doria na kurudi, bunduki kutolewa na kurudishwa, na baina ya mambo hayo ya kila siku, mstari mmoja au miwili kwamba fulani bin fulani ameletwa na askari namba fulani kwa tuhuma fulani. Namba za OB huanza upya kila siku saa sita ya usiku inapopita, na kwa hiyo namba iliyo kamili hubeba tarehe yake. Ukiambiwa OB namba 31 ya tarehe 14 Juni, fahamu kwamba ni tukio la thelathini na moja lililoandikwa siku ile katika kituo kile, na kwamba namba hiyo bila ya tarehe, au bila ya jina la kituo, haina faida yoyote. Aliyeletwa huvuliwa mkanda, kamba za viatu, saa na simu, na vitu hivyo navyo huandikwa, jambo ambalo jamaa wengi hawalijui na ambalo huwafaa sana baadaye, maana mstari unaotaja simu ya mtu ni ushahidi kwamba mtu mwenyewe alipita pale.

Kitabu hicho hakikuwekwa wazi kwa kila mpita njia, wala mimi sioni kwamba ingefaa kiwe hivyo. Lakini jamaa na wakili wana haki ya kuambiwa kama mtu wao yupo, kwa kosa gani, na chini ya namba gani, na askari mwenye adabu ya kazi yake hufungua kitabu akatazama. Fika kwa staha. Amkia kama inavyostahili, shikamoo kwa aliyekuzidi umri na afande kwa kila mwenye sare. Taja jina kamili la unayemtafuta, mahali alipokamatwa, na saa. Kisha omba namba, uiandike mbele ya askari yule, na uandike pia jina lake au namba iliyo begani mwake, na saa ya kuzungumza naye. Kuandika huko si uadui. Ni kumbukumbu, na askari mkweli hana sababu ya kuiogopa. Ukiambiwa kwamba kitabu hakipo, au kwamba mwenye kukishika ametoka, omba kwa upole kuonana na mkuu wa kituo, ambaye nchi zote mbili humwita OCS, na ungoje.

Jambo linalowapotezea watu wakati kuliko yote ni jina. Sisi watu wa pwani, na wa bara pia, tuna majina mengi kwa mtu mmoja: lipo la kitambulisho, lipo la nyumbani, lipo la mtaani, lipo la baba linalotangulizwa huku na kuachwa kule, na yapo majina ya Kiarabu ambayo kila karani huyaandika kwa sikio lake, Athumani akawa Othman, Mwinyi akawa Muini, Abdurahman akakatwa vipande viwili vikasimama katika safu mbili. Mama mmoja anayeulizia mwanawe aitwaye Mudi anaweza kujibiwa kwa haki kabisa kwamba hakuna Mudi humu, na huku mwanawe amelala umbali wa hatua kumi akiwa ameandikwa Muhammad. Kwa hiyo nenda na kitambulisho chake au nakala yake, na picha. Taja majina yote na namna zote za kuyaandika. Na jina likikataa kupatikana, acha jina uulize kwa saa na mahali: je, kuna watu walioletwa jana baina ya saa mbili na saa nne za usiku kutoka sokoni? Njia hiyo huwapata wengi ambao majina yao yaliwaficha.

Vilevile ni lazima kujua kwamba mtu hapelekwi daima kituo kilicho karibu na alipokamatwa. Wapelelezi huchukua watu kutoka wilaya moja wakawaweka katika nyingine. Mgambo wa Tanzania na askari wa kanjo, yaani askari wa jiji, wa Nairobi hukamata watu ambao hatimaye huhifadhiwa katika selo za polisi. Na vituo vidogo ambavyo havina selo za kutosha, au havina selo za wanawake, huwahamisha watu usiku. Kila uhamisho una mstari wake kitabuni, mtu ametoka hapa kwenda pale mkononi mwa askari fulani, nao ndio mstari wa kuuulizia unapojibiwa kwamba alikuwapo lakini sasa hayupo. Kwa Tanzania kuna njia nyingine ya pembeni iliyo nzuri. Mlalamikaji anapofika kituoni hupewa namba ya taarifa, ambayo watu wote huiita RB, na aliyekamatwa kwa malalamiko hayo amekamatwa kwa RB hiyo. Basi ikiwa ugomvi unajulikana, kama ni wa kiwanja, wa deni au wa mke na mume, mtafute aliyelalamika, au jamaa yake mwenye moyo wa huruma, akupe RB yake, na kituo kilichoitoa kitakuwa ndicho kituo cha kuanzia.

Sasa niseme juu ya saa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inaagiza kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake; kwamba aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika; na kwamba afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala isizidi saa 24 tangu kukamatwa, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati mahakama zimefungwa, ambapo mwisho wake huwa mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo ulipo mtego wa Ijumaa. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, saa zake 24 huisha Jumamosi jioni, siku ambayo mahakama hazikai, na kwa hiyo sheria humngojea mpaka Jumatatu; na jamaa asiyejua hesabu hiyo atakata tamaa bure Jumapili, au, vibaya zaidi, atatoa pesa Jumamosi usiku kwa mtu aliyemtisha kwamba ndugu yake atakaa ndani mwezi mzima. Kwa Tanzania bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imempimia polisi saa nne za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo waweza kuongezwa usizidi saa nane nyingine, na sheria hiyohiyo inampa mtu huyo nafasi ya kuomba kuwasiliana na wakili, jamaa au rafiki. Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, na mwenye mtu wake Unguja au Pemba asiende na hoja za Dar es Salaam.

Hesabu hizi zote hutegemea kitu kimoja: saa ya kukamatwa iliyoandikwa. Ikiandikwa saa tatu asubuhi kwa mtu aliyekamatwa saa tatu ya usiku uliotangulia, saa 12 za uhai wake zimefutwa kwa kalamu, na hakimu atakayehesabu baadaye atahesabu kwa kitabu. Mawakili wa mashtaka na wa utetezi wanalijua hilo. Katika kesi ya mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, Freeman Mbowe, na wenzake, iliyosikilizwa Dar es Salaam mwaka 2021 na kufutwa na upande wa mashtaka Machi 2022, kitabu cha mahabusu cha kituo kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyobishaniwa sana mahakamani, kwa kuwa swali la nani aliwekwa wapi na lini halikuwa na shahidi mwingine asiye na upande. Umoja wa Mataifa nao, katika misingi yake ya Desemba 1988 ya kuwalinda watu walio kizuizini, ulitaja yanayopasa kuandikwa: sababu ya kukamatwa, saa ya kukamatwa na ya kufikishwa kizuizini na ya kufika mbele ya hakimu mara ya kwanza, majina ya maofisa waliohusika, na mahali hasa mtu alipowekwa. Ukiweza kuyapata mambo hayo manne katika kipande chako cha karatasi, una karibu kila kitu ambacho wakili atakuuliza.

Lakini kuna jibu ambalo kila jamaa huliogopa, nalo ni kwamba hayupo, hajaletwa, hatumjui. Mara nyingi jibu hilo huwa la kweli, na mtu yupo kituo kingine. Mara nyingine huwa la uvivu. Na mara chache, ambazo ni nyingi mno hata zikiwa chache, huwa ni dalili ya hatari. Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko, karibu na Nairobi, pamoja na mteja wake aliyekuwa amemlalamikia askari polisi, na dereva wa teksi aliyewachukua. Hawakufika walikokuwa wakienda. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau, mahali ambapo palikuwa na selo na palikuwa na askari, ila majina yao hayakuandikwa kama majina ya watu waliokamatwa kihalali. Kilichotoka humo kuja nje kilikuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono na kutupwa ili apitaye akiokote. Maiti zao zilipatikana mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk, na mwezi wa Julai 2022 Mahakama Kuu ikawatia hatiani askari watatu na raia mmoja kwa mauaji hayo. Mtu anaweza kusema kwamba waliokusudia kuua wasingezuiwa na daftari. Mimi naamini kinyume chake: walihitaji saa kadhaa ambazo hakuna mtu angeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba watu wale walikuwa mikononi mwa serikali, na saa hizo walizipata.

Wala jambo hili halikuanza juzi. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo wageni huipiga picha leo, ilikuwa gereza la Waingereza tangu mwaka 1895 mpaka 1958, na waliofungwa humo, kwa ukali wote wa dola ile, walikuwa na namba na karatasi zao. Lakini katika miaka ya 1980, chini ya jumba la Nyayo House katikati ya Nairobi, watu waliwekwa katika vyumba vya giza ambavyo havikuwa kituo wala gereza, na wake zao wakazunguka kutoka kituo hadi kituo wakiulizia vitabu ambamo waume zao kwa kweli hawakuwamo. Ndiyo sababu waandishi wa katiba ya 2010 waliiweka amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama, ile ambayo mawakili huiita kwa Kilatini habeas corpus, miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote ile.

Amri hiyo ndiyo dawa ya jibu la hayupo, nayo haihitaji mtu awe tajiri. Huombwa Mahakama Kuu. Mwombaji aweza kuwa mke, ndugu, rafiki au jumuiya. Na kinachotakiwa hasa ni hati ya kiapo inayosema nani amechukuliwa, na nani kwa kadiri inavyojulikana, lini, wapi, mbele ya mashahidi gani, na jamaa wamekwenda vituo vipi, saa ngapi, wakajibiwa nini na nani. Hapo ndipo karatasi yako ya majina na saa inapogeuka kuwa ushahidi. Kwa Kenya, katiba imekataza kutozwa ada kwa kufungua shauri la kutetea haki hizi, na imeruhusu mahakama kupokea hata ombi lisiloandikwa kwa taratibu rasmi ikiwa haja inalazimu. Tanzania bara pia Mahakama Kuu ina mamlaka ya kutoa amri ya namna hiyo. Mara nyingi ombi likishafika masijala na nakala ikapelekwa kwa mkuu wa polisi, mtu aliyekuwa hayupo huonekana kabla ya siku ya kusikilizwa, ameshtakiwa au ameachwa. Na jamaa wasione kwamba wamepoteza kazi yao kwa kuwa jaji hakupata nafasi ya kusema neno.

Iko njia nyingine kwa Kenya ambayo ni nyepesi kuliko hiyo, na nastaajabu kwamba watu wachache sana huitumia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, akiomba habari. Na ijapokuwa muda wa kawaida wa kujibiwa ni siku 21, sheria imesema kwamba habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu ijibiwe ndani ya saa 48. Barua ya mistari mitano, yenye tarehe na saa, iliyopokelewa kwa muhuri katika nakala yako, inamweka ofisa mahali ambapo kunyamaza kwake nako ni jambo la kujibu. Asipojibu, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo ya kupelekewa malalamiko, na Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA, ina uwezo wa kuingia vituoni na kukagua selo na vitabu vyake.

Mtu akishafikishwa mahakamani mambo hurahisika, kwa kuwa mahakama ni mahali pa wazi. Uliza masijala, dirishani kwa karani, kwa jina na kwa tarehe aliyofikishwa, upate namba ya kesi. Ukishaipata, ifungie kama unavyofungia pesa, maana kuanzia hapo hakuna atakayeuliza OB wala RB. Mahakama hubandika kila asubuhi ukutani orodha ya kesi za siku ile, na siku hizi orodha nyingi huwekwa pia katika tovuti za Mahakama na za taasisi zinazochapisha sheria. Nairobi mtu aweza kupelekwa Milimani, Makadara au Kibera kwa kufuata kituo na kosa. Dar es Salaam kesi nyingi zinazotajwa magazetini huanzia Kisutu, lakini makosa madogo huishia mahakama za mwanzo na za wilaya. Siku ya kwanza aghlabu huwa fupi: hati ya mashtaka husomwa, dhamana hujadiliwa, na ikiwa mwendesha mashtaka amesema upelelezi haujakamilika, kesi hupangiwa siku ya kutajwa. Andika siku hiyo. Ndiyo siku ambayo utakuwa na hakika ya kumwona.

Asiyepata dhamana hupanda karandinga kwenda rumande. Kwa Dar es Salaam wanaume wengi wa rumande hupelekwa Keko au Segerea, na Segerea ndiko wanakopelekwa wanawake. Kwa Nairobi ni Industrial Area kwa wanaume na Lang'ata kwa wanawake. Kwa Mombasa ni Shimo la Tewa. Langoni uliza kwa jina kamili kama lilivyoandikwa katika hati ya mahakama, hata kama limekosewa, kwa sababu gereza humpokea mtu kwa hati ile na huliandika kosa lile kama lilivyo; na jina lililokosewa lisahihishwe mahakamani mapema, kabla halijazaa kosa la pili.

Juu ya pesa nitasema kidogo, lakini kwa mkazo. Dhamana haiuzwi. Katika kituo cha polisi cha Kenya jamaa anaweza kutakiwa kuweka pesa taslimu kama amana ya kwamba mtu atarudi, na amana hiyo hutolewa stakabadhi rasmi yenye namba, na hurudishwa shauri likiisha. Pesa yoyote isiyokuwa na stakabadhi si dhamana, ni rushwa, na haimfuti mtu katika kitabu. Kwa Tanzania mdhamini huweka jina lake na ahadi yake, na barua ya serikali ya mtaa mara nyingi hutakiwa kuthibitisha makazi yake. Nimewaona wazee waliouza mbuzi wawili ili kulipia kitu ambacho sheria ilikuwa imewapa bure, na uchungu wa jambo hilo haujanitoka.

Wako wasomaji wengi ambao watoto wao wako ng'ambo, na kwa ajili yao sina budi kuivuka bahari kwa maneno machache. Marekani mtu akikamatwa aghlabu hupelekwa katika jela ya kaunti iliyo chini ya sherifu, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na jina lake, tuhuma na kiasi cha dhamana mara nyingi huwekwa katika tovuti ya ofisi ya sherifu siku hiyohiyo, ambapo mama yake aliyeko Tanga anaweza kuyasoma kabla jirani hajampigia simu. Kaunti za nchi hiyo ni zaidi ya 3,000, nyingi zina orodha zao, na majimbo machache kama Connecticut na Vermont hayana jela za kaunti bali jela zote ziko mikononi mwa jimbo. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1991 kwamba aliyekamatwa bila ya hati apate uamuzi wa hakimu juu ya sababu ya kukamatwa kwake, kwa kawaida ndani ya saa 48. Aliyeshikwa kwa sababu za uhamiaji hatafutwi huko. Kuna daftari la serikali kuu linalotafutwa kwa namba ya mhamiaji au kwa jina na nchi ya kuzaliwa, na hapo tena herufi moja iliyokosewa humficha mtu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe. Lakini kuna tofauti ambayo kila familia inapaswa kuijua: Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Marekani inalazimika kuziarifu raia wao wanapokamatwa, hata mwenyewe asipoomba, Kenya haimo, na Mkenya lazima aombe kwa kinywa chake.

Uwazi ule wa Kimarekani una faida kwa mwenye kutafuta, na una dhulma ndani yake. Picha ya mtu aliyekamatwa kwa kosa ambalo baadaye lilifutwa hubaki ikizunguka, na wako wafanyabiashara waliozikusanya picha hizo na kuwatoza watu pesa ili kuziondoa. Kukamatwa si kuhukumiwa. Mwenye kupata habari ya jirani yake kitabuni hana ruhusa ya kuitangaza msikitini, kanisani wala katika simu za watu, na mwajiri anayetaka kujua mwenendo wa mtu na aombe cheti cha polisi kwa njia yake ya halali.

Msomaji, usiingoje siku ya msiba. Leo, chukua karatasi uandike majina ya vituo vitatu vya polisi vilivyo karibu nawe, mahakama inayovihudumia, na simu ya wakili au ya shirika la msaada wa kisheria. Uandike chini yake jina la kila mtu wa nyumba yako kama lilivyo katika kitambulisho chake, pamoja na namba. Kisha umpe nakala mtu mmoja asiyelala nyumbani kwako.